Kigae cha Elfu Tano na Arobaini na Moja

Tusekile alirudi kwao siku nne baada ya hesabu kufungwa. Angefika Jumapili angekuta watu bado wanajadiliana. Alifika Alhamisi, mkeka kichwani, na mama wa kwanza aliyekutana naye ufukweni akamwambia, hata salamu hazijaisha, kwamba kazi ya vigae vya kanisa imekwisha kugawanywa na kila mtu ana fungu lake.

Kijiji chao kilikuwa cha wafinyanzi, kule upande wa Matema ambako milima inakaribia kuingia ziwani. Wanawake walifinyanga vyungu, wanaume walivua samaki, na kila upande uliamini kwamba ndio unaoulisha upande wa pili. Tusekile alizaliwa hapo, akajifunza udongo kwa mama yake, kisha akaolewa Ngonga kwenye mpunga, akakaa miaka kumi na miwili. Mumewe alikufa kwa homa bila kumwachia mtoto. Mdogo wa marehemu, Nsajigwa, alituma maneno kwamba mvua za kwanza zikinyesha atakuja kumchukua, amrithi, warudi pamoja kutengeneza majaruba ya mpunga.

Nsajigwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, sauti kubwa, na tabia ya kusema kila jambo mara tatu. Tusekile hakumtaka, basi. Hakuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, na wala hakuna aliyemwuliza.

Kaka yake Tomasi, mvuvi, ndiye aliyempokea. Alimpa samaki, akamwacha ale ashibe, ndipo akasema lililokuwa moyoni.

"Dada, nyumba hii ni yako. Lakini shemeji akija na wazee wake, nitamjibu nini? Mwanamke mwenye nafasi shimoni ana moto wake, na mwenye moto wake harithiwi asipopenda. Hilo hata watu wa Ngonga wanalijua. Wewe nafasi huna."

"Mama alikuwa nayo."

"Mama amekufa, na nafasi yake wameifunika majani. Nenda kwa mama Angetile kabla ya mvua."

Hapo lazima nieleze habari ya shimo, maana bila shimo hadithi hii haina miguu. Udongo mzuri ulitoka mahali pamoja tu, nyuma ya kijiji, kwenye shimo ambalo wanawake walilichimba kwa zamu. Hukuingia shimoni kwa sababu umezaliwa hapo, wala kwa sababu una mikono mizuri. Uliingia kwa kuhesabiwa. Kazi kubwa ilipokuja, wanawake waliigawanya sawasawa, na yule ambaye vyombo vyake vilichomwa katika moto ule wa pamoja alikuwa amehesabiwa mpaka kufa kwake. Na sawasawa maana yake ilikuwa sawasawa kweli. Miaka michache nyuma kazi moja iligawanywa vibaya, vikabaki vyungu vitatu, wakajitolea watatu kuvifanya. Kumbe wema wao ulikuwa na mkia. Mwaka uliofuata wale watatu walidai kuchimba mbele ya wenzao, wakaambiwa hapana, na kijiji kikakaa misimu miwili watu hawaombani chumvi. Tangu hapo Angetile, aliyekuwa mkubwa wa shimo, aliweka neno moja: kisibaki kitu, na asizidi mtu.

Ndiyo maana kanisa lilipotaka sakafu, aliyeitwa kwanza alikuwa Mwalimu Hezekia.

Mwalimu Hezekia alifundisha shule ya misheni na alipenda namba kama wengine wanavyopenda ugoro. Aliwaeleza wanawake kwamba vigae vinavyotakiwa ni elfu tano na arobaini. Wanawake walipiga kelele kwanza. Yeye akanyanyua mkono.

"Msiogope ukubwa wake, tazameni tabia yake," alisema. "Mkiwa wawili inagawanyika. Mkiwa watatu inagawanyika. Wanne, watano, wanane, tisa, kumi, haibakizi hata kimoja. Mmoja wenu akijifungua, mwingine akifiwa, mgawanye upya, itakubali tu. Nimezidisha moja kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, nikaenda hivyo mpaka saba, ndipo nikaipata. Ni namba isiyogombana na mtu."

Walijitokeza kumi. Kila mmoja akapewa vigae mia tano na vinne, na Angetile akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu habari za kanisa zianze.

Basi Tusekile alipopiga magoti mbele yake siku ile ya Ijumaa, Angetile hakufurahi. Alimpenda Tusekile, alikuwa amemshika siku alipozaliwa. Lakini alipenda usingizi wake pia.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Pole na msiba. Najua kilichokuleta. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu alichukua kibao chake cha kuandikia, akagawanya kwa kumi na moja. Tusekile alitazama chaki ikishuka mstari kwa mstari na moyo wake ukishuka nayo. Mia nne hamsini na nane kila mmoja, vikabaki viwili. Mwalimu alifuta, akagawanya tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemsihi ng'ombe mkaidi. Vikabaki viwili vilevile.

"Kumi na moja haiko ndani yake," alisema kwa huzuni. "Kumi na mbili, inakubali! Mia nne na ishirini kila mmoja. Mtafute mwenzako, dada, mwingie wote wawili."

"Hivyo viwili nitavifanya mimi," alisema Tusekile. "Sitadai kitu."

"Hata wale watatu walisema hivyohivyo," alijibu Angetile. "Mwenye viwili vya ziada leo, kesho ana neno la ziada shimoni. Mtafute wa kumi na mbili."

Tusekile alizunguka kijiji kizima siku mbili. Kila mwanamke aliyejua udongo alikuwa tayari ndani ya kumi, na waliobaki walikuwa mabinti wasioolewa, ambao hawakuhesabiwa, na bibi mmoja kipofu aliyecheka mpaka akakohoa. Jumatatu Tusekile alirudi peke yake. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda, maana utamkasirikia nani? Namba haina uso.

Angerudi Ngonga siku hiyo, yakaisha. Badala yake alichukua mundu, akaenda kukata nyasi. Moto wa wafinyanzi wa pale hauna tanuri. Vyombo hupangwa chini, vikafunikwa nyasi kavu na matete, ukawashwa. Vigae elfu tano vilikula nyasi nyingi kuliko walivyodhani. Tusekile alikata, akafunga, akabeba, akatupa mzigo wake kando ya moto, akarudi kukata tena. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemkataza. Wanawake walimwambia ndaga, yaani asante, wakampa uji. Jioni aliketi nao huku wakisugua vigae vibichi kwa kokoto laini, na vidole vyake vilimwasha kwa hamu, lakini hakugusa hata kimoja. Hilo lilimtaka nguvu kuliko nyasi zote.

Kiangazi kikapita hivyo. Fundi Eliud, aliyetoka Ipyana, alikuwa ametengeneza kalibu kumi za mbao zinazolingana, kila kigae shubiri moja kwa shubiri moja. Nyuma ya kigae kila mwanamke alichora alama yake: mstari uliopinda, nukta tatu, mwiba wa samaki. Kilichopasuka motoni mwenye alama alikifidia. Na mwanamke aliyefikisha mia tano na vinne vizima, akakuta bado ana kimoja au viwili vilivyopona, alifanya jambo ambalo Eliud alipoliona mara ya kwanza alishika kichwa. Alikiweka kigae kizima juu ya jiwe akakiponda unga, akauchanganya na udongo wa vyungu vya mwaka unaofuata.

"Mama, hicho ni kizima!" Eliud alilia. "Kiacheni akiba. Sakafu yoyote inahitaji akiba."

"Akiba ya nani?" aliuliza Angetile. "Yenye alama ya nani?"

Eliud alirudi kwenye kalibu zake. Alikuwa mtu wa Ipyana. Mambo haya angeyajulia wapi?

Mwezi wa Novemba, mawingu yakianza kukaa juu ya milima asubuhi mpaka adhuhuri, vigae vilihesabiwa mbele ya watu wote, ila Eliud alikuwa kanisani akisawazisha mchanga. Elfu tano na arobaini, bila kuzidi, bila kupungua. Waliimba wimbo, na Eliud akaanza kutandika.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mraba, kuta nne zinazolingana. Eliud alipigilia kigingi katikati kabisa, akavuta kamba toka kigingini mpaka katikati ya kila ukuta, akaanza kupanga kutoka kutani kuja ndani ili kingo zikae vizuri. Alikuwa fundi mwangalifu na alifanya kazi siku tisa. Siku ya tisa mvua ya kwanza ilinyesha, fupi, yenye kelele, na kwenye mvua hiyohiyo Nsajigwa akaingia kijijini na wazee wawili, wamelowa, akapokewa kwa Tomasi. Akasema amekuja kumchukua shemeji yake. Akasema tena. Akasema tena.

"Kesho," Tomasi alimwambia. "Leo ukauke kwanza."

Tusekile aliwapikia ndizi na samaki, akawapakulia vizuri, maana wageni ni wageni. Kisha akatoka nje ya jiko akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaenda kanisani kwa sababu alisikia kelele.

Eliud alikuwa amepanga kigae cha mwisho. Alikuwa amekung'uta mikono, akang'oa kigingi chake, na pale kiliposimama kigingi palikuwa na shimo la mchanga, shubiri moja kwa shubiri moja. Kigae cha kulijaza hakikuwepo. Wanawake wote kumi walikuwa wamelizunguka kama watu wanaotazama nyoka.

"Umeiba kimoja?" mmoja alimwuliza Eliud.

"Nikakipeleke wapi, mama?" Eliud alikaribia kulia. "Hesabuni! Upande huu ni sabini na moja, na upande huu sabini na moja!"

Walihesabu. Ilikuwa sabini na moja kila upande. Ndipo mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Mwalimu Hezekia, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akitazama viatu vyake.

"Mwalimu," Angetile alisema polepole. "Sabini na moja mara sabini na moja ni ngapi?"

"Elfu tano na arobaini na moja, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mwalimu alikuja mpaka ukingoni mwa vigae, na ikabidi aseme, maana kutoroka kusingemsaidia. Kijiji kilikuwa kidogo na ziwa lilikuwa kubwa.

"Fundi alinipa elfu tano na arobaini na moja. Nilijaribu kuwagawia. Kwa wawili, kinabaki kimoja. Kwa watatu, kinabaki kimoja. Nikajaribu wanne, watano, sita, nikaenda mpaka kumi. Kila mara kimoja, kimoja, kimoja. Namba hiyo inakubali sabini na moja tu, na mimi wafinyanzi sabini na mmoja ningewatoa wapi? Nikakumbuka chumvi mliyonyimana. Nikakitoa hicho kimoja, nikasema Mungu atakitafutia mtu wake. Halafu," alisema, na sauti ikapungua, "nikasahau kumkumbusha."

Wengine wangecheka. Wanawake wale hawakucheka, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona lile shimo liko wapi. Sabini na moja ina katikati. Thelathini na tano huku, thelathini na tano kule, na mahali pale pa kati ni pamoja tu katika sakafu nzima. Siyo kigae cha pembeni kitakachofunikwa na benchi. Ni pale atakaposimama bibi harusi, na pale litakapowekwa jeneza.

"Mimi nina udongo uliokandwa tayari," alisema mmoja.

"Hata mimi ninao," alisema wa pili, kwa sauti iliyopanda kidogo.

"Mimi ndiye mkubwa kwenu kwa umri."

"Umri unafinyanga?"

Tusekile, akiwa mlangoni, aliliona lile jambo la chumvi likiinuka tena kama maji yanavyoanza kuchemka, kwa vipovu vidogo pembeni. Hakuwa mtu wa hesabu hiyo.

Angetile hakuwajibu wale waliokuwa wakibishana. Alimtazama Mwalimu.

"Mmoja wetu akikifanya, atakuwa na vingapi?"

"Mia tano na vitano, mama."

"Atazidi."

"Atazidi."

"Na sisi kumi tukikifanya pamoja?"

"Kigae kimoja, alama kumi?" Mwalimu alitikisa kichwa. "Mtagombania ya juu."

Angetile alicheka kwa pumzi moja tu, puani. Kisha aligeuka, na kila mtu akageuka naye kutazama alikotazama.

"Tusekile. Wewe una vingapi?"

"Sina hata kimoja, mama."

"Ukifanya kimoja, utamzidi nani hapa?"

Tusekile aliwatazama wale kumi mmoja mmoja. Alitikisa kichwa.

"Elfu tano na arobaini ilikukataa," alisema Angetile. "Hii nyingine inatukataa sisi sote, na kila mara inabakiza mmoja. Nenda shimoni, mwanangu. Nafasi ya mama yako unaijua. Toa majani."

Hakuna aliyebisha. Nadhani kila mmoja aliona afadhali akose yeye kuliko apate mwenzake, na sitawapamba kwa kusema walikuwa watakatifu. Lakini walikwenda naye. Walimshikia kikapu. Na mikono ya Tusekile, baada ya miaka kumi na miwili ya mpunga, ilipozama ndani ya udongo ule baridi, alilia tena, safari hii mbele za watu wala hakujificha.

Alifinyanga kigae kimoja. Alikisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa. Nsajigwa alikuja mara tatu siku hizo kuuliza kama wataondoka, na mara tatu Tomasi akamwambia kigae bado hakijakauka.

"Kigae kimoja?" alisema Nsajigwa. "Kimoja? Kimoja tu?"

Siku ya kuchoma, wanawake kumi walileta kila mmoja mzigo wa nyasi alizokata mwenyewe. Moto ulikuwa mkubwa kupita kiasi kwa kitu kidogo namna ile. Kigae kikiwa peke yake ni rahisi kupasuka, na Tusekile alikaa pale tangu moto ulipowashwa mpaka majivu yakapoa, akisikiliza. Kama kingepasuka angefanya kingine, hilo alilijua. Ila Nsajigwa alikuwa ameketi juu ya jiwe mbele yake, naye alikuwa akisikiliza pia. Angetile ndiye aliyefukua majivu. Alikigonga kwa kucha. Kililia vizuri.

Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja tu, alama aliyopewa na Angetile mwenyewe.

Eliud alikiweka kabla ya ibada ya kwanza. Watu wote waliingia kutazama, na Nsajigwa akaingia na wazee wake, viatu mkononi. Alikuwa mpole siku hiyo, lakini hakuwa amekata tamaa.

"Shemeji," alisema, "nimesikia habari za moto na za shimo. Nakubali ni desturi ya huku. Lakini tuseme kweli mbele ya watu. Wenzako wamefanya mia tano na kitu. Wewe umefanya kimoja katika elfu tano. Huko ni kuhesabiwa? Ni kuhesabiwa kweli?"

Watu walimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Angetile, lakini aliyejibu ni Tusekile.

"Shemeji, simama katikati ya ukuta huo. Hesabu vigae, ukifika thelathini na tano, kinachofuata ndicho changu."

Nsajigwa alihesabu kwa sauti, kidole kikionyesha, akafika. Tusekile akamwomba asimame ukuta wa pili ahesabu tena. Akahesabu, akafika palepale. Ukuta wa tatu alihesabu polepole zaidi, na sauti yake, ile kubwa, ilikuwa imeshuka. Katika ukuta wa nne hakuhesabu tena. Alisimama akatazama katikati ya sakafu kwa muda, akiwa na viatu vyake mkononi.

"Kitoe hicho," alisema Tusekile, bila ukali wowote, "uone kama wanawake hawa watakaa kwa amani."

Nsajigwa aliondoka kesho yake na mtumbwi wa asubuhi. Tusekile alimfungia samaki wakavu kwa ajili ya wake zake, akamsindikiza mpaka majini, akamwambia safari njema. Alisema mara moja tu.

Kisha akachukua jembe, akaenda shimoni. Ilikuwa zamu yake.